Ndizi za Bibi na Andazi la Saa Nne

Ndugu msomaji, naomba nianze na aibu yangu mwenyewe, maana wahenga walisema mficha uchi hazai.

Nilipokuwa kidato cha pili hapa Arusha mjini, Jumapili nyingi nilikuwa napanda kwa bibi mzaa mama kule Akeri, upande wa Meru. Nalala huko, Jumatatu alfajiri nateremka na daladala kuwahi shule. Kila mara bibi alinifungia mzigo: ndizi mbivu nne au tano, parachichi moja, na karanga za kukaanga zilizoviringishwa kwenye karatasi ya daftari. "Hii ni ya saa nne, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia. "Tumbo likilia, kichwa hakimsikii mwalimu."

Na mimi ule mzigo nilikuwa naufanyia nini? Nikishuka Sanawari, kabla sijafika getini, nilimgawia yeyote niliyekutana naye: konda, mpiga debe, mtoto wa mtaani. Siku nisipomwona mtu wa kumpa, niliutupa mtaroni. Ndiyo, niliutupa. Nani angekubali kuonekana anamenya ndizi za shambani mbele ya washikaji wa mjini? Siku moja tu nilithubutu, nikaitwa "mgomba" muhula mzima.

Kwa hiyo saa nne kengele ikilia, mbio na wenzangu hadi kwa mama wa maandazi. Maandazi mawili, chai ya rangi yenye sukari ya kufa mtu, basi. Siku ya neema, soda baridi na keki. Mpaka ikafika siku moja, saa sita kasorobo, kipindi cha hesabu, nikaona ubao unazunguka kama pangaboi. Nilizindukia kwenye benchi la ofisi ya walimu. Hospitali wakanipima, wakasema damu imepungua. Sababu za kupungukiwa damu ni nyingi: minyoo, malaria, hedhi kwa wasichana, chakula. Lakini daktari aliniuliza swali ambalo mpaka leo linanirudia. Asubuhi unakula nini, na saa nne unakula nini? Nikajibu: asubuhi chai na andazi. Na saa nne? Chai na andazi.

Daktari alinipa vidonge vya madini ya chuma. Dawa ya aibu hakuwa nayo. Nani alinifundisha kuionea haya ndizi ya bibi yangu? Wale wanafunzi walionicheka, nao walifundishwa na nani? Nimezunguka na swali hilo miaka kadhaa, nikisoma na kuwauliza wazee, na nimegundua kwamba aibu ile ina umri mkubwa kuliko wangu. Andazi la saa nne lina historia, na historia yenyewe inapita katikati ya mji huu. Twende taratibu.

KABLA YA KENGELE

Mji wa Arusha ulipokuwa bado haujazaliwa, mlima ulikuwa na wenyewe. Wameru walikuwa wamelima miteremko ya kusini-mashariki kwa vizazi vingi. Waarusha, watu wa lugha ya Kimaa, walifika upande wa magharibi mnamo miaka ya 1830, na masimulizi yao yanasema walitoka Arusha Chini, kule tambarare kusini ya Moshi. Tuliweke akilini hilo jina la Arusha Chini, tutalihitaji baadaye.

Maisha yalikuwa kwenye kihamba: nyumba katikati, migomba imeizunguka, chini ya migomba maharage na viazi, pembeni zizi. Mlo mkubwa ulikuwa ndizi za kupika, au loshoro, ile chakula ya mahindi na ndizi iliyochanganywa na maziwa ya mgando. Je, kati ya mlo na mlo watu walikula nini? Walikula kilichokuwa karibu na mkono. Ndizi iliyoivia kwenye mkungu. Kiazi kilichochomwa jivuni. Hindi bichi wakati wa msimu. Maziwa ya kibuyu. Wazee niliowauliza hawakuweza kunitajia saa. Mtu alikula akisikia njaa, na mtoto aliyepita kwa jirani hakuondoka mikono mitupu.

Tusije tukadanganyana kwamba ilikuwa peponi. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki yote, na mlima huu haukusalimika. Njaa zilikuwepo. Vilevile tusidanganyane kwamba vyakula hivyo ni vya "asili" kwa maana ya kuota hapa tangu dunia ilipoumbwa. Mgomba ulitoka Asia, ukatufikia zamani sana. Mahindi, mihogo, karanga na parachichi, vyote asili yake ni bara la Amerika. Bibi yangu akinifungia ndizi, parachichi na karanga, alikuwa amefunga Asia na Amerika katika mfuko mmoja bila kujua. Kwa hiyo ugomvi wangu na andazi hauhusu ugeni wake. Ningekuwa napinga ugeni, ningetupa na karanga.

Kilichonivutia ni kingine. Kile cha kihamba mtu alikilima mwenyewe na alijua kinatoka mgomba gani. Sasa tuone kilivyobadilika.

BOMA, KODI NA SAA

Akeri hiyohiyo ya bibi yangu imeandikwa kwenye vitabu vya historia kwa damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapo. Wajerumani waliokuwa Moshi wakaja kulipiza kisasi, na vikosi vyao vikajaa pia wapiganaji wa Kichaga. Watu wengi waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, na migomba ikakatwa. Hebu tulitafakari hilo la migomba. Askari mwenye bunduki anaacha kupiga risasi, anashika panga, anakata mgomba. Alijua anachofanya. Mgomba ulikuwa ghala, na anayekata ghala lako anataka uje kwake kuomba.

Mwaka 1900 Boma la Arusha lilikuwa limesimama, limejengwa kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kubeba mawe na chokaa. Leo jengo hilo ni makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa pale kutazama wanyama waliokaushwa. Kuanzia 1898 serikali ya Kijerumani ilikuwa imeanzisha kodi ya nyumba, na baadaye kodi hiyo ilitakiwa fedha. Ndizi hazikulipa kodi. Kuanzia 1904 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaletwa na kupewa ardhi kuuzunguka mlima, wakafuatwa na walowezi wengine. Mashamba ya kahawa na mkonge yakaukaba mlima kama mkanda. Aliyetaka fedha ya kodi alijua pa kuipata: kwa mzungu, kwa siku, kwa saa.

Hapo ndipo saa nne yetu ilipozaliwa, ndugu msomaji. Jua lenyewe lilikuwepo toka zamani, na Waswahili walishazoea kuhesabu saa kuanzia macheo. Lakini kengele ya shamba, king'ora cha kiwanda na filimbi ya nyapara vilileta kitu kipya: njaa yenye ratiba. Mtu wa kihamba alikula alipoona njaa. Mtu wa kibarua alikula aliporuhusiwa. Na muda wenyewe ulikuwa mfupi, kwa hiyo alihitaji chakula cha namna ya pekee: kinachobebeka, kisichohitaji sahani, cha bei ndogo, na kinachompa nguvu upesi arudi kazini.

Reli ilipofika Arusha kutoka Moshi mwaka 1929, mji ulinenepa. Unga wa ngano, sukari na majani ya chai vikawa rahisi kufika madukani. Wahindi wenye maduka walikuwa na jiko lao la siku nyingi, na majina ya vitafunio vyetu bado yanatoa ushahidi: chai, chapati, bajia, kachori, hata sambusa ambayo ilisafiri kutoka Uajemi. Watu wa pwani nao walileta ufundi wao wa maandazi na vitumbua. Jiko la mji likawa limekamilika.

Wala hatukuwa wa kwanza. Uingereza ya karne ya 19 ilipojaa viwanda, wafanyakazi wake walishindia mkate na chai yenye sukari nyingi, kwa sababu ileile: haraka, moto, rahisi, na inampa mtu nguvu za saa mbili. Ile chai ya saa nne niliyokuwa nainywa mimi shuleni ilikuwa mjukuu wa chai ya kiwandani. Shule nayo iliiga kiwanda: kengele, foleni, dakika kumi na tano.

NANI ALILIPIA ANDAZI LANGU

Tuchukue andazi moja na kikombe cha chai ya maziwa, tukae kibarazani, tuvichambue. Vitu vinne vinatosha: sukari, mafuta, maziwa, unga.

Sukari kwanza. Miaka ya 1930 kampuni ya Tanganyika Planting Company, TPC, mali ya tajiri wa Denmark A. P. Møller, ilianza kulima miwa. Wapi? Arusha Chini. Kule kule ambako masimulizi ya Waarusha yanasema walitokea. Jina la asili ya watu likageuka jina la shamba la sukari, na vijana wa milimani wakaenda kukata miwa huko kama vibarua. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu. Kila kijiko cha sukari kilichokuwa kinanizungusha kichwa darasani huenda kilipanda kutoka Arusha Chini kuja Arusha Juu, njia ileile waliyopita mababu, ila safari hii kimo kwenye gunia.

Mafuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikosa mafuta ya kula. Mwaka 1947 wakaanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Trekta zililetwa, vichaka vikang'olewa kwa minyororo, ardhi ikawa ngumu kama sementi wakati wa kiangazi, mvua zikagoma. Mwaka 1951 mradi uliachwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Shabaha yake ilikuwa siagi ya kutengenezwa, ipakwe kwenye mkate wa Ulaya. Karanga ileile ambayo bibi yangu aliikaanga kwenye chungu na kunifungia karatasini, dola kubwa ilivuka bahari kuitafuta. Mimi niliimwaga mtaroni Sanawari.

Maziwa. Wameru walikuwa na malisho yao Ngarenanyuki, kaskazini ya mlima. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu, watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi 13 wa Kizungu. Ng'ombe wengi walikufa katika kuhamahama huko. Na walowezi walipewa ardhi ile kwa kazi gani? Kufuga. Wafugaji waliondolewa ili waje wafugaji. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Ardhi haikurudi siku ile, lakini Tanganyika nzima ilimsikia, na harakati za uhuru zilipata nguvu. Siku hizi tunamkumbuka kama mwanasiasa. Mimi naongeza: alikuwa anatetea pia kibuyu cha maziwa.

Unga. Huu tumejifanyia wenyewe, wala tusimsingizie mkoloni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vinu vikubwa vya nchi vilitaifishwa na shirika la usagishaji la NMC likashika usukani. Mji ulikuwa unataka mkate na maandazi. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, mashamba saba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu, wilaya ya Hanang, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha na tangu 2002 iko Manyara. Trekta zilikuwa kubwa, mavuno yalikuwa mazuri. Lakini ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na chini yake walilala mababu zao makaburini. Walifukuzwa, na kesi zao zilisumbua mahakama kwa miaka mingi. Sijui kama mtoto yeyote wa Ngarenaro aliyekuwa anatafuna andazi lake miaka ile aliwahi kuambiwa habari za Barbaig. Mimi sikuambiwa.

Leo hali imegeuka tena. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje, na mafuta ya kukaangia kwa wingi ni ya mawese ya ng'ambo. Mwaka 2022 Urusi ilipovamia Ukraine, bei ya ngano ilipaa dunia nzima, na sisi huku uswahilini tuliona andazi linanywea. Vita viko Ulaya, andazi linasinyaa Unga Limited! Na mtaa wenyewe jina lake limetokana na kampuni ya kusaga unga. Ndizi ya Akeri mwaka huo haikujua kama kuna vita.

AIBU ILIZALIWA KWENYE FOLENI

Mpaka hapo nilikuwa nimeelewa andazi limetoka wapi. Lakini aibu je? Hii nilifundishwa na wazee.

Mwaka 1973 hadi 1975 mvua zilikatika sehemu nyingi za nchi. Serikali ikaagiza mahindi nje, yakaja ya njano, wananchi wakaupa ugali wake jina la "Yanga" kwa sababu ya jezi za timu. Wakati huohuo serikali haikukaa kimya kuhusu lishe. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa 1973, na mwaka 1975 ikaja kampeni kubwa ya redio na vikundi vya kusoma iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya miti wakisikiliza redio wakijifunza makundi ya vyakula. Elimu ilikuwepo, nzuri tu.

Halafu yakaja mabaya zaidi. Vita vya Kagera 1978 na 1979, mafuta ya petroli yakapanda bei, fedha za kigeni zikakauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya mgao, unga wa ngano unausikia kwa jirani, sabuni ni habari ya mjini. Mwaka 1983 Edward Sokoine, mtoto wa Monduli, aliendesha vita dhidi ya walanguzi. Alifariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984, na barabara kuu ya mji wetu leo ina jina lake. Katika miaka hiyo maandazi yalipotea vibandani. Watu wakashindia mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, chai isiyo na sukari.

Hapo ndipo mihogo na ndizi vilipogeuka kuwa ushahidi wa shida. Mtoto aliyekula muhogo saa nne alikuwa anautangazia ulimwengu kwamba kwao hawana. Rais Mwinyi alipofungua milango ya biashara katikati ya miaka ya 1980, tukamwita Mzee Ruksa, sukari ikarudi, ngano ikarudi, soda ikarudi. Kula andazi na kunywa soda ikawa namna ya kusema: yamekwisha, sisi si wale wa foleni tena. Wazazi wetu waliapa watoto wao hawatarudi kwenye muhogo. Wakatulea hivyo. Wenzangu walioniita mgomba walikuwa wanarudia kiapo cha nyumbani kwao bila kukijua.

Niliporudi Akeri kumwuliza bibi, nilitegemea anipe hotuba ya kusifu ndizi. Alikaa kimya kidogo, halafu akaniambia kwamba miaka ile alikuwa anabeba mikungu ya ndizi mbivu hadi gulio la Tengeru, anauza yote, na fedha anatafuta sukari ya magendo ili mama yangu na wajomba zangu wanywe chai tamu kama watoto wa mjini. Ndizi hakuwabakizia? Alicheka. "Mjukuu wangu, ndizi tuliziona za nini? Tulitaka sukari."

Nilikosa la kusema. Kumbe ile aibu yangu ilianzia kwa bibi mwenyewe, na ndani yake ulikuwa upendo. Yeye aliiuza ndizi ili watoto wake wapate andazi. Alipozeeka, hospitali ya kijiji ikamfundisha tofauti, akaanza kunifungia mimi ile aliyowanyima wao. Mimi nikaitupa.

SASA SAA NNE TULE NINI?

Historia isiyomsaidia mtu mwenye njaa ni hadithi ya jioni tu. Saa nne bado ipo: shuleni, gereji, ofisini, kwenye kijiwe cha bodaboda, na kwa sisi tunaojaribu kuandika, ambao saa nne ndiyo kalamu huanza kulala. Mimi siku hizi nakipima kitafunwa kwa maswali matatu. Kitanishikilia hadi saa saba? Kina cha kujenga mwili, au ni utamu mtupu? Na mfuko wangu unakiweza?

Andazi na chai ya rangi vinajibu swali la tatu tu. Ni unga mweupe, sukari na mafuta. Nguvu inapanda haraka, inashuka haraka, na saa sita uko kama mimi kwenye benchi la walimu. Soda ndiyo kabisa: chupa ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko tisa vya chai. Hebu jipimie vijiko tisa kwenye kikombe nyumbani uone kama mama hatakupigia kelele.

Sasa tazama mfuko wa bibi. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, ina protini gramu saba au nane, na mafuta yake yanalifanya tumbo litulie. Ndizi mbivu inaleta wanga na madini ya potasiamu. Parachichi lina mafuta mazuri na nyuzinyuzi nyingi. Vitatu hivyo pamoja vinamfikisha mtu mchana bila kuzunguka. Ukiwa barabarani, yai la kuchemsha na kachumbari lina protini gramu sita hivi. Hindi la kuchoma ni nafaka nzima, halijakobolewa. Maziwa ya mgando ni chakula kizuri kwa tumbo linaloyakubali. Kiazi kitamu cha rangi ya machungwa kina vitamini A. Muhogo unashibisha, ila una protini kidogo mno, kwa hiyo utafutie mwenzake: karanga, au maharage.

Kuhusu damu, nisikilize mimi niliyeanguka. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka. Iache chai saa moja hivi kabla au baada ya chakula. Ukila chungwa au pera pamoja na chakula, vitamini C iliyomo inasaidia chuma kuingia. Hili ni la watu wengi: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Dada zetu, karibu nusu!

Tahadhari moja. Karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi, usile, hata kama ni ya bure. Yanaweza kuwa na sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nunua karanga unazoziona vizuri, chagua, tupa mbovu.

Na jamani, nisieleweke vibaya: simlaumu mama wa maandazi. Anaamka saa tisa usiku kukanda unga, na wengi wetu tumesomeshwa na karai lake. Niliporudi shuleni baada ya kuugua, nilimwomba aniwekee yai moja la kuchemsha pembeni ya andazi. Wiki ya pili akaleta trei nzima, maana wengine nao walianza kuuliza. Mwezi uliofuata kulikuwa na ndizi kwenye ndoo. Hakuna aliyemwita mgomba. Kumbe mfanyabiashara anauza tunachoomba, na sisi tulikuwa hatujawahi kuomba kingine.

Kwa hiyo ndugu msomaji, hasa wewe unayetaka kuandika na unasema huna la kuandika, nina kazi kwa ajili yako. Muulize bibi au babu yako alikula nini saa nne mwaka 1974, na mwaka 1983. Kaa, nyamaza, sikiliza. Usimkatishe kama mimi nilivyotaka kumkatisha wangu. Halafu andika, na ulete kwenye kurasa hizi, maana historia ya vita na maraisi imeandikwa na wengi, lakini ya tumbo la saa nne bado iko vichwani mwa wazee, na wazee hawatusubiri.

Mimi nimeandika ya kwangu. Jumapili iliyopita nilipanda Akeri. Bibi sasa macho hayaoni vizuri, lakini mkono unajua mkungu ulioiva kwa kuugusa. Alinifungia ndizi tano. Jumatatu saa nne nilizitoa mezani ofisini, mbele ya wote, nikamenya ya kwanza. Jirani yangu akanitazama, akaniuliza kama zimebaki. Nilimpa mbili.